Mechi Kumi na Mbili za Kutoa Timu Mbili

Niseme mapema, asije mtu akasema nimeficha: wazo lilikuwa langu. Makundi yaliyowakimbiza watazamaji kwenye mashindano yetu ya mpira ya Jumapili hapa Guangzhou hayakuletwa na mwenyekiti wala na Wakenya, kama Wabongo wenzangu wanavyopenda kusema. Niliyaleta mimi, nikayatetea mimi, na siku ya kupiga kura mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wangu. Mtu asiyelijua hilo asisome yanayofuata, maana ataniona nina haki kuliko niliyo nayo.

Nimeishia darasa la saba, Morogoro. Kazi yangu hapa ni kuwatembeza wanunuzi. Mtu akitua kutoka Dar au Mwanza namchukua hotelini Xiaobei, tunakwenda Zhanqian kwa nguo na viatu, au Yide kwa vitu vya watoto na mapambo. Namsemea kwa laoban, yaani mwenye duka, nahakikisha kilichoonyeshwa ndicho kinachofungwa, kisha nasimama stoo ya kargo mpaka boksi la mwisho libandikwe. Nina kibali cha kukaa mwaka mzima. Nikirudi chumbani naandika kwenye daftari la kaunta. Sina cha kumfundisha mtu. Ila nisipoandika, kesho yake naanza kujidanganya kuhusu jana.

Mashindano yenyewe ni ya timu nane: Bongo, Kenya, Uganda, Burundi, Komoro, wanafunzi wa mchanganyiko, na Kongo mbili, kwa sababu watu wa Lubumbashi na watu wa Goma hawakukubaliana kuvaa jezi moja. Tunakodi uwanja wa nyasi bandia nyuma ya jengo la kuegesha magari. Zamani yalikuwa ya mtoano, Jumapili tatu tu. Ya kwanza mechi nne, ya pili nusu fainali, ya tatu fainali. Ukifungwa umekwenda. Watu walisimama kuuzunguka waya wote na kwenye ngazi za lile jengo la magari. Mlinzi alikuwa akituamuru tushuke. Tunashuka ngazi mbili, akigeuka tunapanda tatu.

Kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Timu ikitolewa, mashabiki wa upande wa pili walitoa mifukoni seloteipu, zile pana za kahawia za kufungia maboksi, wakazivuta zote kwa pamoja. Aliyefanya kazi stoo anaijua sauti ile. Ni sauti ya mzigo uliokwisha, hauongezwi kitu wala haupunguzwi. "Fungeni, wanasafiri hao," ndivyo walivyokuwa wakiimba, na ile krrr ikikufuata mpaka nje ya geti. Mimi nimefungiwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyofunga. Wiki nzima mtu akivuta seloteipu stoo nilikuwa nageuka kuangalia nani ananicheka.

Sasa, mwaka mmoja Warundi walijitahidi sana. Walishona jezi, wakafanya mazoezi alfajiri miezi mitatu, wakatolewa mechi ya kwanza kwa penalti. Nahodha wao, kijana mpole anayenunua vipuri vya pikipiki, alikaa chini pembeni ya mstari akivua soksi taratibu kama mtu mwenye kidonda. Nilikwenda kumpa pole. Akaniambia hana kinyongo, ila anajiuliza kama dakika hamsini zilistahili miezi mitatu. Nililala na swali lake siku kadhaa.

Hapo ndipo Mwayalandi anapoingia. Asubuhi, kabla yetu, uwanja ule hukodiwa na Waayalandi wanaoishi hapa, wengi walimu wa Kiingereza. Mpira wao si huu wetu. Wanaudaka, wanakimbia nao huku wakijipigia kwa ncha ya kiatu, wanapasiana kwa ngumi. Goli lao linatakiwa liwe na nguzo ndefu kwenda juu, kwa hiyo hufunga mabomba ya plastiki kwenye magoli ya kawaida. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Mara ya kwanza nilidhani wanapigana. Mmoja wao, mwalimu wa umri wangu mwenye upara, alizoea kunikuta pale, maana nilikuwa nawahi kushika sehemu yenye kivuli. Tukawa tunaongea. Yeye Kiswahili hana, mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza, basi tulitumia Kichina cha sokoni, kile cha kujua ghali, rahisi, hakuna, na kesho. Inashangaza mambo mengi yanavyoenea humo.

Nilimweleza habari ya Mrundi. Akasema kwao lilikuwepo jambo hilohilo. Kila mkoa wa nchi yao una timu, mtu anachezea mkoa wake, halipwi, hahami. Zamani mkoa mdogo ukifungwa siku ya kwanza ndiyo basi mpaka mwakani. Mkoa wake ni wa namna hiyo, ng'ombe na matope, hauna vikombe. Kisha wakubwa wa mchezo wakaweka makundi ya timu nne nne, na kwenye kila kundi tatu zinapita. Kwa vidole akanionyesha: zamani siku moja, sasa siku tatu. Alifurahi kweli, na furaha yake ikaniingia. Sikumuuliza swali la pili, ambalo mnunuzi wa siku ya kwanza kabisa huuliza mbele ya bidhaa mpya: wenzako walionunua wanasemaje?

Nikalibeba jambo lile hivyo hivyo mpaka kwenye kamati. Makundi mawili ya timu nne, tatu zinapita kila kundi, walioongoza wanasubiri nusu fainali, wengine wanacheza robo. Kwa kuwa mechi zilikuwa nyingi na mwenye uwanja hakuweza kutupa kila wiki saa nyingi kama zile za Jumapili moja ya mtoano, ila saa mbili na nusu tu, tukakubaliana mechi mbili kila Jumapili. Jumapili tisa jumla. Nilisema kila aliyeshona jezi atacheza angalau mara tatu. Watu walipiga makofi. Nahodha wa Warundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili ya kwanza walikuja wengi. Ya pili wakapungua. Ya tatu nikasema ni mvua. Ya nne hakukuwa na mvua. Mtu mmoja alivuta seloteipu yake timu ya Uganda ilipofungwa, akachekwa, kwa sababu Uganda walikuwa hawaendi popote, bado wana mechi nyingine mbele. Akaikunja akaiweka mfukoni. Nilimwona, na hata hapo sikuelewa, nilifikiri ni suala la kuzoea.

Aliyenifanya nielewe ni golikipa wetu. Ni kijana wa Mwanza, anauza viatu, anakuja mara tatu kwa mwaka kwa viza ya siku thelathini. Uwanjani ni mtu wa kelele, stoo ni mtu wa kuhesabu jozi mara mbili bila kusema neno. Enzi za mtoano alikuwa akipanga safari yake ianze wiki ile ya mashindano: ananunua siku za kazi, Jumapili anadaka, na mzigo wake unapopandishwa kwenye kontena yeye tayari anajua kama ni bingwa au la. Msimu ule wa makundi alikuja siku thelathini zake zote akacheza mara mbili. Mara mbili, kwa sababu kila timu ilikuwa ikipumzika Jumapili moja na kucheza nyingine. Akapanda ndege hakuna aliyejua nani anapita. Tukachukua kombe wiki tano baada yake, na medali ya golikipa akavishwa mwanafunzi tuliyemwazima. Nisimwonee mwanafunzi yule. Alidaka penalti kwenye fainali, na medali alistahili. Ila siku ile ya fainali watazamaji hatukufika ishirini, na hapo nimewatia Wachina wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kucheza.

Nilimfuata Mwayalandi wangu nikamuuliza lile swali la pili, mwaka mzima nikiwa nimechelewa. Je, kwenu watu wanakuja? Akakuna upara. Akasema viti vitupu vimeongezeka, na mashabiki wanabishana kila siku. Wapo wanaosema mechi ya makundi haina uchungu, mtu anafungwa anakwenda kunywa chai. Wapo wanaolaumu bei ya tiketi, wapo wanaolaumu mchezo wenyewe kwamba watu wanarudisha mpira nyuma tu mpaka unasinzia. Yeye hata hivyo bado anataka makundi, mkoa wake umepata siku tatu na haoni sababu ya kuzirudisha. Sikumlaumu. Ningekuwa na mkoa wa matope ningesema vilevile.

Kisha nikamuuliza kama watu wa mkoa wake wanakaa pale mwaka mzima. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama wana miguu. Wanazaliwa pale, akasema, wanazikwa pale.

Nikarudi Xiaobei kwa miguu nikijiita mjinga kwa lugha zote nizijuazo. Nilikuwa nimechukua mashindano ya watu wanaokaa nikawapa watu wanaopita. Jumapili tisa kwa watu wa siku thelathini. Mwenye viza ya mwezi hawezi kuona mwanzo na mwisho hata akikesha uwanjani. Na mimi, niliyeingia nchi hii kwa viza hiyohiyo miaka ile nikihesabu siku kwa kalamu nyekundu, nilisahau kwa sababu sasa nina kibali. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi kuliko kukosea kwenyewe.

Wiki ya kikao cha msimu mpya nilimtumia golikipa ujumbe kwamba nitasimama kudai mtoano urudi, na kama ananiruhusu nimtaje habari za medali. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake zikisikika pikipiki za Mwanza. "Shikamoo mama. Medali usiitaje, watasema ninalia. Waambie hivi: mimi nikija Guangzhou nataka nicheze mpaka nifungwe, au mpaka niwafunge wote. Nisiondoke katikati kama mtu aliyeitwa msibani." Nilirudia kuusikiliza mara tatu. Nikaandika maneno yake kwenye karatasi nisije nikayapamba.

Kikao kilifanyika mchana, ghorofa ya pili ya mgahawa tunaoutumia siku zote, meza zikiwa bado na mifupa ya samaki. Manahodha wanane, mimi kama mwakilishi wa mashabiki, kila mtu kura moja. Mwenyekiti anaongoza bila kupiga kura. Huyu ni Mkenya wa Nairobi mwenye ofisi ya kargo, yuko hapa miaka mingi. Bila yeye tusingekuwa na uwanja, wala mtu wa kuzungumza na mwenye uwanja siku zile mpira unapovunja kioo cha gari. Nayasema haya kwa sababu ni kweli na kwa sababu baadaye nitamsema vibaya kidogo.

Nilisimama. Nikashika mgongo wa kiti. Nikasema mtoano urudi, Jumapili tatu. Nikasema maneno ya golikipa kama alivyoyasema. Kisha nikasema hesabu yangu: kwenye makundi tunacheza mechi kumi na mbili ili kutoa timu mbili. Mechi kumi na mbili, wiki sita, na timu sita kati ya nane bado zipo. Nani atakwenda kusimama juani kuangalia watu wasiotoka?

Wakacheka, hata walionipinga. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akaegemea mbele, akaniita mama kwa Kinairobi chao.

"Mathe, hesabu yako iko sawa. Lakini si ni wewe ulituletea hii maneno?"

"Ni mimi."

"Sasa tukuamini lini, siku ile ama leo?"

"Leo. Siku ile sikuwa nimehesabu Jumapili za viza."

Wakacheka tena, na safari hii hawakucheka na mimi. Mwenyekiti akatoa hoja zake, nami nazileta zote. Wadhamini wanataka Jumapili nyingi za kutundika mabango. Watu wamepungua si kwa sababu ya makundi peke yake. Simu zimejaa mpira wa Ulaya, biashara imekuwa ngumu, na wengi wanaogopa kuvuka mji na pasipoti mfukoni. Pia wenyeji wenye vibali nao ni watu, wanataka mpira wa msimu mzima, si sikukuu ya wiki tatu. Hakuna hoja hata moja hapo niliyoweza kusema ni ya uongo. Nilikuwa nimesimama bado, najiona kama mteja aliyerudisha bidhaa akagundua kasoro aliitia mwenyewe.

Kisha nahodha wa Warundi akainua mkono. Hakusimama. Akaongea akitazama meza.

"Mama, ulinionea huruma nikashukuru. Mwaka huu tumecheza mara tatu, tumeshinda moja. Wachezaji wangu wameipiga picha wakatuma nyumbani. Usituchukulie."

Hapo ndipo nilipotaka kukaa. Nakiri. Kama kungekuwa na mlango karibu ningetoka. Kila kilichonisukuma mwanzo kilikuwa kimekaa pale mbele yangu kikiniomba nisikinyang'anye. Nikafikiri labda mimi ni mtu wa kugeuzwa na anayeongea mwisho, leo Mwayalandi, kesho golikipa, keshokutwa Mrundi. Nikatazama karatasi yangu. Nikamwambia nahodha kwamba ushindi wao nilikuwepo nikauona, na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini ninyi mna vibali, nikasema, au ni wanafunzi, mtakuwepo Jumapili ijayo na ijayo. Huyu wa Mwanza hayupo hapa hata kusema ana maoni gani. Hakuna mwenye viza ya mwezi kwenye meza hii. Tunapanga harusi na bwana harusi yuko uwanja wa ndege.

Nikaongeza kwamba waliotolewa wapewe kikombe chao kidogo, walioshindwa wacheze na walioshindwa, Jumapili hizohizo tatu. Nilikuwa nimelifikiria hilo njiani tu, sikulipanga vizuri, na mtu wa Goma akaniuliza saa ngapi na uwanja upi, sikuweza kumjibu. Hilo liliniumiza. Ukitaka kupingana na watu uwe umeshapima kila kitu kabla ya kufika mezani.

Kura zikapigwa kwa mikono. Walionyoosha pamoja nami ni Komoro na Lubumbashi. Tatu. Sita walikataa, nahodha wetu wa Bongo akiwemo, na simshangai, yeye ndiye bingwa. Alinikwepa macho mpaka tunaondoka.

Yangeishia hapo. Lakini mwenyekiti alikuwa na daftari la kumbukumbu za kikao, na wakati wa kufunga akasoma alichoandika: hoja ya kurudisha mtoano iliwasilishwa na mwakilishi wa mashabiki, ikajadiliwa kindugu, ikaondolewa na mtoa hoja mwenyewe. Aliyesikia vizuri ni mimi peke yangu, wengine walikuwa wanatafuta viatu na chaja.

Nikasema haikuondolewa.

"Mathe, ni lugha tu. Wadhamini wakisoma waone tuko pamoja. Hata kwako ni heshima, haionekani umepigwa."

"Nimepigwa. Andika imekataliwa, sita kwa tatu. Jina langu uliweke pembeni, lisomeke."

Akaniambia nitajiletea aibu ya bure. Nikamwambia aibu ya kuleta makundi ninayo tayari, hii ndogo itapata mwenzake. Mtu wa Lubumbashi, aliyekuwa mlangoni, alirudi akakaa. Akasema kwa sauti ya chini tu kwamba yeye pia yumo kwenye zile tatu na hakuondoa kitu. Mwenyekiti akatutazama kwa zamu. Hakukasirika, nadhani alichoka. Akakata mstari mmoja, akaandika juu yake. Nilisubiri mpaka wino ukakauka nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, ndipo nikachukua mkoba wangu.

Kwa nini niling'ang'ana sijui sawasawa. Hoja iliyoondolewa hakuna atakayeiuliza tena. Iliyokataliwa ipo. Golikipa akija na kuuliza kama kuna mtu alimsemea, yatakuwepo maandishi kwamba alisemewa akashindwa, na wa kulaumiwa anajulikana. Nilimtumia matokeo siku ileile. Akajibu kwa neno moja, "Sawa," halafu baada ya dakika chache akaongeza kwamba tiketi ameshakata.

Msimu ulipoanza niliingiwa na mawazo mabaya, nayaandika. Nilijua nikibaki chumbani, watazamaji wanapungua mmoja na hoja yangu inanenepa. Nikiwazuia na wateja wangu, inanenepa zaidi. Wapo walioniambia nifanye hivyo, tuwaachie uwanja wao waone. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima ya Jumapili ya kwanza, nimevaa kabisa, viatu mguuni. Nikaona nikisusa nitakuwa nimepika hesabu, na hesabu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kwenye kile kikao. Nikaenda. Nikawachukua na wateja wawili kutoka Tunduma, ambao mwanzo walidhani tunakwenda kuangalia mashine.

Golikipa alifika wiki ya tatu. Alicheza mechi mbili, akafungwa moja kwa kosa lake mwenyewe, akaondoka Jumanne kabla ya robo fainali. Uwanja wa ndege hatukuzungumza mpira hata kidogo, tulizungumza ushuru wa viatu vya watoto.

Jumapili ya robo nilikwenda tena. Tulikuwa wachache, kila mtu na nafasi ya kulala. Mwenyekiti alikuja akasimama mbele yangu hasa, ametia mikono mfukoni, akatazama waya mtupu pande zote. Bila kugeuka akaniuliza kama si mimi niliyesema mashindano haya ni mabaya.

"Ni mabaya," nikamwambia. "Sogea huko, unanizibia goli."